Kopo la Bibi Kijakazi

Akiba huoza. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyomponza Nasra. Aliyasema mchana, uani kwa bibi yake, mbele ya wanawake waliokuja kupiga vigelegele, na kabla jua halijatua Pangani nzima ilikuwa imeshayapokea, imeyageuza na kuyatia chumvi. Mtu amelelewa na bibi, amelishwa na bibi, kisha anasimama mbele ya wageni kumwambia akiba yake imeoza! Wazee wakakaa, wakakata shauri: Nasra amwombe bibi yake radhi. Na hapa pwani kila mtu anajua kwamba mtu asiye na radhi ya mzee wake hata akichimba kisima kwenye mto hapati maji.

Kilichogombewa kilikuwa kopo.

Lilikuwa kopo la bati la maziwa ya unga, kubwa, picha ya ng'ombe imefutika ikabaki pembe na jicho. Lilikaa juu ya kabati la vyombo la Bibi Kijakazi, limefunikwa kitambaa alichokidarizi kwa mkono wake mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na dawa. Si za mizizi wala magome, la, za hospitali. Desturi ya mtaa ule wa nyuma ya soko ilikuwa hivi: mtu akiandikiwa dawa akanywa, homa ikashuka, mwili ukawa mwepesi, hamalizi. Kumaliza ni ulafi. Zilizobaki huzipeleka kwa Bibi Kijakazi, zikaingia koponi, ili siku jirani akishikwa na kikohozi, au jipu, au tumbo la kuendesha, apate pa kuanzia. Aliyepona alimkumbuka anayeumwa. Mlikuwa na vidonge vyeupe na vya manjano, na zaidi ya vyote mlikuwa na rangi mbili, vile vidonge vya maganda mekundu na meusi ambavyo mtaa uliviamini kuliko daktari aliyeviandika.

Rangi mbili haikuwa na kazi moja. Ilimezwa kwa maumivu ya koo na ya mgongo. Ilipasuliwa, unga wake ukanyunyizwa kidondani. Vifaranga wakianza kuzubaa na kulegeza mabawa, ilikorogwa kwenye maji yao.

"Dawa hii haina ubaguzi," Bibi Kijakazi alikuwa akisema huku akifunika kopo. "Mtu inaponya, kuku inaponya. Wanadamu wenyewe ndio wabaguzi."

Bibi hakupata kumtoza mtu hata senti. Mchana au usiku, Mwislamu wa mtaani au Mkristo aliyehamia kutoka mashamba ya mkonge, ukigonga alifungua. Watu walimpenda kwa hilo, na Nasra alimpenda kuliko wote. Walitaniana kutwa. Bibi alimwita mke mwenza, naye Nasra alimjibu kwamba mume wao marehemu alikuwa na macho, ndiyo maana alimwachia bibi jiko la mkaa.

Nasra alifua nazi. Kaka yake, Sele, alikuwa mkwezi. Walifanya kazi kama kinu na mchi: Sele juu akiangua, Nasra chini amesimika kifuo chake cha chuma, anachoma nazi, anapindua, makumbi yanaruka huku na nazi inatoka kule ikiwa uchi. Siku ya mkosi walikuwa ng'ambo ya mto, mashamba ya Bweni. Sele alikuwa anashuka mnazi wa mwisho, anaimba, kamba ya miguuni ikamteleza. Hakuanguka kutoka juu sana, yapata kimo cha mlango, lakini alipoangukia ndipo kifuo kiliposimama. Chuma kikaingia kwenye shavu la mguu.

"Hukukiona?" Nasra alipiga kelele.

"Nilikiona," Sele akasema, meno yameumana. "Chenyewe ndicho hakikuniona."

Walivuka kwa kivuko, mguu umefungwa kwa kanga, na nyumbani Bibi Kijakazi alikuwa ameshashusha kopo. Alipasua rangi mbili, akanyunyiza unga ndani ya jeraha, akasoma alichosoma, akapuliza. Nyingine akampa ameze, asubuhi na jioni. Baada ya siku chache maumivu yakapoa. Sele akaacha kumeza, zilizobaki zikarudi koponi kwa heshima zake, na bibi akatamba mtaa mzima.

Kisha mguu ukarudi kuuma kwa namna nyingine. Ulivimba, ukang'aa kama biringanya. Bibi akatoa vidonge vya manjano. Havikufua dafu. Akatoa vyeupe. Ikaja harufu. Hospitali ya Pangani wakamchoma sindano, homa ikacheka, na hapo ndipo gari la wagonjwa likakamata barabara ya Tanga, Nasra amekaa pembeni ya kaka yake akimpepea kwa ncha ya mtandio.

Hospitali kubwa mjini Tanga alimpokea Daktari Yona, kijana mrefu wa Lushoto, mwenye sauti ya kuvuta iliyobaki na Kishambaa ndani yake. Hakuwazungusha.

"Tumechukua usaha, maabara wanauotesha," alisema. "Tunataka kujua ni kijidudu gani na kinaogopa dawa gani. Kama ipo kinayoiogopa, tutaipiga. Kama haipo, mguu tutaukata chini ya goti. Tukichelewa, hatutakuwa tunauliza habari ya mguu tena."

Sele alitazama dari. "Daktari, mimi mkwezi."

"Najua."

"Basi nitakwea kwa meno," Sele akasema, akatabasamu, na tabasamu lenyewe likamshinda katikati, akageukia ukutani. Nasra hakupata kumwona kaka yake akigeukia ukuta. Tangu hapo hakulala wala hakula. Chakula alicholetewa na mama mmoja wa wodini kiligandia kwenye bakuli.

Siku ya majibu hakungoja kuitwa. Alikwenda mwenyewe hadi maabara, akasimama dirishani. Ndani alikuwapo mwanamke wa makamo, koti jeupe, rozari imechungulia shingoni. Jina lake lilikuwa Devota. Baba yake alikuwa mkata mkonge wa Muheza, na yeye alikuwa amesoma hata akawa mkuu wa chumba kile.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Humu hawaingii wagonjwa wala ndugu zao."

"Siombi kuingia. Mimi ndugu yake Sele wa mguu. Nataka kukijua kinachomla kaka yangu."

Devota alimtazama. Labda alichoka siku hiyo kupeleka majibu ya karatasi kwa watu wasioyaelewa. Labda alipenda lile neno, *nataka kukijua*. Alikwenda ndani, akarudi na sahani ndogo ya duara yenye kifuniko, angavu kama kioo, akaisimamisha nyuma ya dirisha dhidi ya mwanga.

"Usiguse kioo. Tazama tu."

Nasra alitazama. Chini ya sahani palikuwa na kitu kilichoganda mfano wa maji ya mwani uliochemshwa, rangi ya chai hafifu. Juu yake ulitandaa ukungu, mweupe, laini, uliosambaa sawasawa kama pumzi juu ya kioo. Na juu ya ukungu vilipangwa vidude vya karatasi vya mviringo, vidogo kama vifungo vya shati la mtoto mchanga.

"Ukungu huo ndio wao," Devota alisema. "Hao ndio walio mguuni. Kimoja kimoja huwezi kukiona. Kichwa cha pini kingewatosha wakawa wengi kama watu wa Pangani na Muheza, na wakapata nafasi ya soko na ya kiwanja cha mpira."

"Na hivi vifungo?"

"Kila kifungo kina dawa yake. Dawa ikiwa na nguvu, vijidudu hukimbia kando yake, panabaki duara tupu, kama ua lililofagiliwa. Sasa niambie unaona nini."

Nasra akaona. Ukungu ulikuwa umetambaa hadi kwenye vifungo vyenyewe. Ulivizunguka, ukavikumbatia, kama majani yaotavyo hadi kizingitini mwa nyumba iliyohamwa. Dawa zilikuwa pale, kali, za kiwandani, zilizovuka bahari, na viumbe visivyo na macho wala mikono vilikuwa vimekuja vikakaa mlangoni pao kupunga upepo.

"Hiki?" akauliza, akielekeza kidole mbele ya kioo.

"Hiyo ndiyo dawa iliyo ndani ya rangi mbili."

"Na hiki?"

"Ni ya zile sindano za kwanza."

Alitarajia kuchukia. Tangu Pangani alikuwa akimwandalia adui huyu matusi, ya uswahilini, yale ya kufunga mtaa. Lakini mbele ya sahani ile matusi yalimkauka kinywani, akajikuta ametoa sauti ile mtu aitoayo mwezi unapoandama.

"Subhanallah."

"Mimi husema Bwana Yesu," Devota akasema taratibu, "lakini ni mshangao ule ule. Miaka yote niko humu, sijauzoea."

Akamweleza, wala hakumweleza kama mtu anayemfundisha mtoto. Alimweleza kama mtu aliyebeba ajabu kwa muda mrefu na hatimaye amepata wa kumtua. Kwamba katika muda wa kupika wali ukaiva, kijidudu kimoja kimekwisha kuwa viwili. Kwamba kilichozaliwa alfajiri, hadi magharibi kimeona vitukuu na vilembwe. Katika kizazi kirefu namna hiyo hakikosekani kimoja kilichozaliwa na ngozi ngumu kidogo au ujanja kidogo. Ukikipiga kwa dawa kamili, hufa pamoja na wenzake kabla hakijajigamba. Ukikipiga nusu, wanyonge hufa, chenyewe kikabaki na shamba lote.

"Nusu dozi ni darasa," Devota alisema. "Tunawafundisha, kisha tunawaachia shule."

"Ila si ndiyo hawa hawa tu, wa mguu wa Sele? Wakifa hawa, si yamekwisha?"

Devota akatikisa kichwa, na macho yake yakawa na kitu kama woga na kitu kama furaha. "Hapo ndipo penyewe. Kikishajua kuivunja dawa, hakikai na siri. Hukisogelea cha jirani, hukinyoshea kijikamba chembamba, kikakipitishia ule ujuzi. Na jirani huyo si lazima awe wa ukoo wake. Anaweza kuwa wa kabila jingine kabisa, mwenye ugonjwa mwingine kabisa."

"Anampa bure?"

"Bure."

Nje, muuza madafu alikuwa akigonga panga lake kwenye toroli. Ndani ya kichwa chake aliona kabati la vyombo, kitambaa kilichodariziwa, mlango usiokataa mtu.

"Kumbe nao wana kopo lao," alisema.

Devota hakuelewa, ikabidi aelezwe desturi ya mtaa. Alisikiliza hadi mwisho bila kucheka wala kulaani.

"Sitakudanganya," alijibu. "Siwezi kukuambia kwamba hivi vimetoka kwenye kopo la bibi yako. Vingine vinatoka mabandani mwa kuku, vingine kwenye wodi kama zetu, vingine vinatembea na watu. Havina cheti cha kuzaliwa. Ninachojua ni kwamba kila kopo ni darasa."

Kisha akaigeuza sahani polepole. Pembeni, ukingoni kabisa, palikuwa na kifungo ambacho Nasra hakuwa amekiona, na kukizunguka palikuwa na duara. Tupu. Safi. Pana kama sarafu.

"Hii moja," Devota alisema. "Hii moja bado wanaiogopa."

Nasra aliegemea ukuta. Alilia, akacheka, akafuta pua kwa mtandio, na Devota akamwacha amalize.

"Dawa hii tunaifungia. Hatumpi kila mtu. Ni ya walioishiwa, na kaka yako ameishiwa, kwa hiyo ataipata. Lakini kila tunapoitoa, kuna wanaoizoea. Ipo siku nitainua sahani kama hii na hakutakuwa na duara."

"Kwa hiyo Sele anatumia dawa ya nani?"

Devota hakuwa amewahi kuulizwa hivyo.

"Ya mtu usiyemjua. Huenda hajazaliwa. Huenda sasa hivi yuko Horohoro anavuka mpaka na mizigo yake, mzima wa afya, hana habari kama kuna kitu chake huku kinatumika."

Sindano za dawa ile zilimwingia Sele asubuhi, mchana na usiku. Daktari Yona akamsafisha nyama iliyokufa. Homa ikapanda mara ya mwisho, kama mgeni mbaya anayegeukia mlangoni kusema neno, kisha ikaondoka. Mguu ulibaki. Ulibaki na shimo ambalo ungeweza kulitia ndimu, na Sele akaambiwa minazi mirefu aisahau kwa muda, lakini ulibaki mguu. Kila sindano ilipoingia, Nasra aliuliza moyoni: wewe uliyenyang'anywa, unaitwa nani? Akamwombea dua mtu yule, bila jina, kama mtu anavyomwombea maiti aliyezikwa ugenini.

Waliporudi Pangani, ua ulijaa. Vigelegele, udi, pilau. Bibi Kijakazi alimshika Sele uso kwa mikono miwili, akalia, kisha akawageukia wanawake.

"Hospitali wamemalizia tu," akatangaza. "Kopo ndilo lililouwahi ugonjwa. Bila kopo, mguu ungeozea Bweni."

Wanawake wakaitikia. Na kabla mwitikio haujazimika, Mama Luqmani, jirani wa ukuta kwa ukuta, akajipenyeza na mwanawe mgongoni.

"Bibi, mtoto anakohoa huyu tangu jana. Nipe rangi mbili japo kidogo nimpasulie kwenye uji."

Bibi alishusha kopo. Alikwisha kuondoa kitambaa, vidole vimeingia ndani, Nasra alipolishika kutoka upande wa pili.

"Bibi, niachie."

"We mke mwenza, nini tena? Subiri nimhudumie mtu."

"Hatumhudumii. Mtoto tumpeleke hospitali."

"Kwa kikohozi!" Mama Luqmani akacheka. "Jamani, tumepata daktari wa makumbi!"

Ua ukacheka. Bibi naye akacheka, akavuta kopo. Nasra hakuliachia. Ilikuwa aibu kutazama, mjukuu na bibi wakivutana bati kama watoto wanaogombea ukoko. Na hapo, kwa kukosa maneno mengine, Nasra akasema yale:

"Akiba huoza, bibi! Hii imeoza, na tunawalisha watu!"

Bibi akaachia, kwa mshtuko, si kwa kushindwa. Nasra akatoka na kopo kifuani, miguu mitupu. Mtoni asingelitupa, kwa maana na vijidudu vya mtoni vingejifunza. Chooni vilevile. Alikwenda moja kwa moja hospitali ya Pangani, akaomba, akabembeleza, akagombana kidogo, hadi mhudumu akafungua tanuri la kuchomea taka. Alisimama pale hadi moshi ukageuka kutoka mweusi kuwa wa kijivu, kisha ukawa si kitu.

Mama Luqmani naye alikwenda hospitali, kwa hasira tu, ili apate ushahidi. Alirudi na hasira zaidi.

"Nimepanda bodaboda kwenda na kurudi," aliwaambia watu wa kisimani, "nimekaa kwenye benchi hadi makalio yamekufa ganzi, naambiwa eti ni mafua, yatapita, nimpe maji mengi na asali! Hata kidonge kimoja cha kunifuta machozi! Hiyo nayo hospitali? Ndiyo alikotupeleka daktari wa makumbi!"

Jina likakaa. Watoto walimwita hivyo njiani. Nazi zake zilipata wanunuzi wachache. Lakini hayo yote yalikuwa manyunyu. Mvua yenyewe ilikuwa ya nyumbani: Bibi Kijakazi aliacha kumwita mke mwenza. Alimwita Nasra. Alimpakulia chakula, akamwekea maji ya kuoga, akamwita kwa jina lake kamili kama anavyoitwa mtu mahakamani.

Ndipo kikao kikaitishwa, barazani, baada ya sala ya Alasiri. Mjomba Uweso, kaka wa mama yake, ndiye aliyekaa katikati. Alikuwa mtu wa suluhu. Aliwahi kuwapatanisha watu walioshikiana mapanga kwa sababu ya mbuzi. Kahawa ilikuwa tayari imechemka, birika limekaa kwenye sinia pamoja na kashata, vikombe vimefudikizwa. Mambo yote yalikuwa yamepangwa yawe mepesi. Na pembeni ya goti la Bibi Kijakazi, kwenye mkeka, kilikuwapo kitu kipya: kopo jingine, la kahawa mara hii, linang'aa. Mama Luqmani ndiye aliyelileta. Ndani yake vilikuwamo vidonge alivyosaza mumewe.

Nasra aliwaamkia wote mmoja mmoja, akambusu bibi mkono. Mkono ulitolewa, ukapokelewa, ukarudishwa.

"Mwanangu," Mjomba Uweso alianza, "hakuna aliyekuja kukuhukumu. Ni neno dogo. Umshike bibi yako miguu, useme nisamehe, yeye aseme nimekusamehe, tunywe kahawa, yaishe. Hata hatutataka maelezo."

"Na kopo hilo?"

"Kopo ni la bibi yako. Ni sadaka yake. Hayo ni yake na Mungu wake."

Sele, aliyekuwa amenyosha mguu juu ya kigoda, akaingilia. "Nasra, sema tu, dada. Mguu wangu, mimi sijalalamika. Wewe unalalamika kwa niaba ya nani?"

"Mguu ni wako, kaka. Vilivyokuwa ndani yake ni vya watu wote."

"Na huyo mtaalamu wako," mjomba akasema kwa upole, "si ulisema mwenyewe kwamba hana hakika kama ni kopo?"

"Hana hakika. Nilisema, na bado nasema."

"Basi?"

Bibi Kijakazi alikohoa kidogo, na baraza likatulia. Hakumtazama Nasra, alitazama njia.

"Mwaka ule wa mvua kubwa," alisema, "barabara ya Tanga ilikatika. Kivuko kilisimama. Kulikuwa na mtoto mchanga humu ndani, kifua kinapiga kama mvukuto, macho yamegeuka. Hospitali dawa zimekwisha. Nilitembea nyumba kwa nyumba kwenye matope, nikaokota kimoja hapa, viwili pale. Kopo lilianza siku hiyo. Mtoto akapona." Ndipo akageuka. "Mtoto yule unamjua. Amekuja leo amesuka nywele, anasema kopo langu limeoza."

Nasra hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo. Ilimpiga kifuani hasa, mahali pale pale palipokuwa pakipiga kama mvukuto. Aliitazama mikono ya bibi, yenye mishipa kama mizizi ya mkoko, akaiona ikigonga milango ndani ya mvua kwa ajili yake, na akastaajabu kwa mara ya pili katika maisha yake, mshangao mkubwa kama ule wa dirishani: jinsi kitu chema, chema kweli, kinavyoweza kukua kimya katika giza la kopo hadi kikageuka kingine, bila aliyekipanda kubadilika hata chembe.

Alipiga magoti. Mjomba Uweso akashusha pumzi. Mkono wa mtu ukafudua kikombe cha kwanza.

Nasra akaishika miguu ya bibi, akaweka paji la uso juu yake.

"Bibi, pumzi hii ni yako," alisema. "Nikiishi miaka mia sitailipa. Siku ile ulifanya lililokuwapo. Wala sisemi ulikosa."

"Sema sasa," mjomba akanong'ona.

"Nilishika bati ukiwa umelishika, nikakuaibisha mbele ya watu. Najua lilivyokuuma, na linaniuma. Lakini nikisema nisamehe, kopo hili linapanda kabatini leo hii, na neno langu ndilo litakaloliweka. Kuna mtu huko aliyetoa dawa yake ili Sele awe na mguu, na hajui. Hana wa kumsemea kwenye baraza hili. Mnataka nimwombe nani radhi, na nimwache nani?"

"Nasra," bibi akasema, sauti imepungua, "nitakufa na hilo moyoni."

Machozi yalimtoka Nasra, yakadondoka juu ya miguu ile ile aliyoishika. Hakuyafuta. Aliinua uso, akamtazama bibi yake machoni, mbele ya mjomba, mbele ya kaka yake, mbele ya Mama Luqmani na kahawa iliyokuwa ikipoa.

"Siombi radhi," alisema. "Si leo, si kesho. Siombi."